Neno "Protekshen" Lilivyomhamisha Mama Mkwe Wangu

Chinongwe, Ruangwa

Kwa Mhariri wa kipindi cha "Kiingereza Chapuchapu"

Ndugu Mhariri,

Yah: MADHARA YA NENO MLILOTUFUNDISHA JUMANNE

Natumaini wewe na watangazaji wako mmeamka salama. Sisi hapa Chinongwe ni wazima, isipokuwa heshima yangu, ambayo inaumwa tangu wiki iliyopita. Mimi ni mkulima wa korosho na katibu wa kwaya kigangoni kwetu. Sijawahi kuiandikia redio. Kilichonifikisha hapa ni neno "protection". Mtangazaji wenu, dada Happy, alisema maana yake ni kinga, na kwamba chochote kinachomkinga mtu na madhara kinaitwa hivyo. Nikaliandika kiganjani nisilisahau.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Huu ni msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho. Mwaka jana mama mkwe wangu, Bibi Scholastika, anayeishi nasi, hakujifunika pua, akakohoa vumbi la salfa mpaka tukampeleka zahanati. Mwaka huu niliapa kwamba halitatokea tena. Nikapanda baiskeli hadi Ruangwa mjini, nikaingia duka la dawa, nikamwambia binti muuzaji, Penina, "Naomba protekshen." Akauliza ngapi. Nikamjibu, "Za watu wanne. Mimi, mke wangu, mama mkwe, na jirani yangu Lubasha." Penina akaniamkia mara ya pili.

2. Kwa kuwa mlinipa neno bila mipaka yake, niliendelea kumweleza. Nilimwambia kazi tunaianza alfajiri kabla ya upepo, na ikifika saa nne tumechoka. Nilimwambia za mwaka jana tulizifua na kuzianika kambani, lakini zimeshachanika. Nilimwambia mama mkwe apewe laini kwa sababu ya umri wake. Nyuma yangu walikuwepo wateja watatu, na mmoja alitoka bila dawa aliyoifuata. Penina ni binti mwenye adabu, hakucheka. Alinifungia vitu kwenye bahasha ya kaki, akasema, "Baba, Mungu awatangulie."

3. Nyumbani nilipiga goti, nikamkabidhi mama mkwe ile bahasha kwa mikono miwili, mbele ya mke wangu Marietha na Lubasha. Huyu Lubasha ni mfugaji aliyehamia kwetu na ng'ombe wake kutoka upande wa Mwanza, na alikuwa amejitolea kutusaidia kupuliza. Nikasema, "Mama, hii ni protekshen yako, nakuombea afya." Mama akafungua. Ndani mlikuwa na paketi kumi na mbili za kondomu.

Lubasha aliaga, akadai ng'ombe wake wanamwita, nasi hatukuwa tumesikia ng'ombe yeyote. Mama mkwe aliiweka bahasha mezani taratibu, akaingia ndani kufunga vitu vyake. Kesho yake akapanda gari kwenda Marambo kule Nachingwea, kwa mwanawe mwingine. Niliumia, Ndugu Mhariri. Mama yule alinipa binti yake wakati sina hata jembe la kwangu, na mimi nilitaka apumue vizuri tu.

4. Marietha ananipakulia chakula akiwa ameangalia ukutani. Leo ni siku ya tano.

5. Jumapili nilisimama mbele ya kwaya kusafisha jina langu. Nikasema, "Ndugu zangu, mimi nilitaka protekshen ya pua." Ningenyamaza ingekuwa afadhali. Sasa vijana wa bodaboda wananiita Mzee Kinga, na wawili wamenifuata pembeni kuomba ushauri. Nimewashauri kadiri ya uwezo wangu, na bahasha nimewaachia. Barakoa zenyewe nilizipata baadaye duka la pembejeo, kwa kuzionyesha kwa kidole.

Kwa hayo, naomba dada Happy aende Marambo akamwombe radhi mama mkwe wangu. Naomba pia wenye Kiingereza waandikiwe barua rasmi wachague moja: neno hilo liwe la pua au liwe la hayo mambo mengine. Mpaka watakapojibu, kipindi kifundishe majina ya vitu vinavyoonekana, kama ndoo, ngazi na mbuzi.

Nisalimieni mafundi mitambo, mlinzi wa getini, wapishi wa chai, na dada Happy mwenyewe, ambaye pamoja na yote sauti yake ni nzuri.

Ni mimi msikilizaji wenu niliyejeruhiwa,
Fortunatus Dastani

Nyongeza: Marietha ameisoma barua hii kabla sijaifunga, na hatimaye amezungumza nami. Anasema yeye alisikiliza kipindi mpaka mwisho, na dada Happy alionya waziwazi kwamba ukilitamka neno hilo duka la dawa utapewa kondomu. Wakati huo mimi nilikuwa nje najaza baiskeli upepo. Anasema pia kwamba hata ningeomba "kinga" kwa Kiswahili, Penina angenipa vitu vilevile. Nimempigia simu mama mkwe kumweleza. Amecheka mpaka akaomba maji, kisha akasema hakuondoka kwa ajili ya bahasha. Alikuwa amechoka kuamkiwa kwa Kiingereza kila siku, akaona hapo amepata sababu. Atarudi Ijumaa, ila kwa sharti kwamba nizungumze naye Kimwera tu. Nimekubali.