Mgongo Wangu na Miguu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 24 Februari

Ndugu yangu Munawar, asalaam alaykum. U hali gani huko Muscat, na watoto, na lile goti lako? Mimi mzima, alhamdulillahi, isipokuwa mgongo. Barua ndefu siiwezi, kwa hiyo naandika kidogo kila siku, nitazituma zote pamoja.

Nguo za sikukuu zimejaa dukani, cherehani haipoi, na jioni pacha wanataka niwe farasi wao. Leo adhuhuri nimeinama rukuu, sikuinuka! Watu wawili wamenivuta kama mlango uliokwama. Imamu kashauri niswali kwenye kiti. Na viti vinakaa nyuma kabisa, kwa wazee. Ile nafasi nyuma ya imamu ninayo mwaka wa kumi na moja huu. Mwezi wa Ramadhani huenda ukaandama Jumamosi. Latif kinyozi kaniuliza, kwa upole mno, kama pale mbele pana baridi.

Jumanne, 25

Mke wangu Zubaida naye analia mgongo. Kufua, kukanda unga, kubeba pacha kila mmoja ubavu wake. Akashauri tuchuane kwa mafuta ya haradali, dakika kumi kwa kumi. Nikakubali, ila nianze mimi, mgonjwa zaidi. Munawar, mikono ile! Zamu yake ilipofika nikakoroma. Nimemsikia akisema, "Haya, lala, Baba Rukhsar." Sauti sikuipenda.

Jumatano, 26

Mgongo umelegea nusu. Leo Zubaida katangulia yeye. Nimemchua dakika mbili, nikatangaza kwamba mafuta yameisha. Nilikuwa nimeyaficha nyuma ya pipa la unga. Rukhsar wetu kayaleta mbio: "Baba, si haya hapa? Nimekuona ukiyaweka!" Binti mkweli, Mungu amlinde. Mama yake kafunga chupa, kaniambia mgongo wangu nikausugue ukutani.

Alhamisi, 27

Mgongo umerudi kuwa ubao. Latif kapita dukani, anataka kunichua bure, eti nikae vizuri kwenye kiti. Nimemfukuza.

Ndipo nikakumbuka. Aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu hutibu mgongo kwa mateke saba mepesi. Na nani alizaliwa hivyo? Mama mkwe! Watu wanamfuata kutoka vijiji vitatu. Tatizo ni ile nguo ya kijani niliyomshonea kwa harusi yangu na Zubaida. Ilitoka fupi. Miaka kumi na saba anauliza kitambaa kilichobaki kilikwenda wapi. Namwambia kitambaa kilirudi, kikapungua, baada ya kufuliwa.

Ijumaa, 28

Nimekwenda na kilo mbili za sukari guru na kizibao changu cha heshima. Mama mkwe kafurahi. "Mwanangu, nilijua ipo siku utakuja." Kaniambia nivue kizibao, nilale kifudifudi uani. Nikakitundika msumarini.

Bitana ikatokeza nje. Kijani, maua madogo ya dhahabu.

Teke la kwanza na la pili yalikuwa dawa tupu. Kisha mguu ukasita. Nikageuza shingo, namwona anakitazama kizibao. Kaniuliza polepole kitambaa kile nilikipata wapi. Nikajibu sokoni. Akasema, "Sokoni. Haya, mkwe wangu, tulia." La tatu sikulihesabu. La nne mpaka la saba wamehesabu majirani, kwa sauti.

Nimerudi nyumbani juu ya punda wa muuza matofali. Kizibao kimebaki kule.

Jumamosi, 1 Machi

Mwezi umeandama. Tarawehe ya kwanza nimeiswali kwenye kiti, kati ya mzee asiyesikia na mzee anayekohoa. Mbele, mahali pangu, shingo ya Latif! Tulipomaliza kaniletea mto. Mto, Munawar!

Nyumbani nimemkuta Zubaida kanyooka kama mnara. Mama yake kashinda naye leo, kamchua tangu alasiri. Nilidhani nitachekwa. Badala yake kaniambia mapatano yapo palepale: kila siku dakika kumi zake kwanza, kumi zangu baadaye, na wiki haitaisha kabla sijarudi safu ya mbele.

Nimelifikiria sana, nikaomba na dua. Dakika kumi kila siku, mwezi mzima! Nani anaweza? Kosa langu nimeliona wazi, nalo ni kizibao. Ningekwenda na shati tu, saa hizi niko nyuma ya imamu.

Kwa hiyo nina ombi, na Zubaida asilijue. Nimesikia kwamba mama mkwe wako wa Jhang naye alitanguliza miguu. Ni kweli? Kwangu hana kinyongo. Nimemshonea gauni moja tu, lile la bluu, na kilichobaki kilikuwa kidogo, hakikutosha hata pazia, isipokuwa la dirisha dogo. Naomba unijibu upesi, na uniambie kama bado analivaa.

Ndugu yako, Rafaqat