Uzinduzi wa Mradi wa Kukomesha Betri Kulala

Mheshimiwa Mwenyekiti wa uzinduzi huu, ambaye pia ni mimi, Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye hakuja na amenituma nimwakilishe, waheshimiwa mliokaa chini ya turubai, na waheshimiwa mliokaa juani kwa uzalendo wenu, Mama Mkunga wa zahanati yetu, mzee wetu Mzee Gia, dereva wa gari la wagonjwa, mama mkwe wangu, ambaye leo kwa mara ya kwanza amekubali kunisikiliza bila kunikatiza (mama mkwe: “Nani amekubali?” Kicheko), fundi cherehani aliyenishonea suti hii, pamoja na mkewe, shemeji yetu, ambaye tumbo lake limewahi kufika kabla yake, ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa, na ambaye hakuzingatiwa ajizingatie mwenyewe. (Makofi.)

Nasimama mbele yenu kama Mratibu Mkuu Msaidizi wa Vyombo vya Moto Vilivyosimama, cheo ambacho kabla yangu hakikuwahi kushikwa na mtu yeyote, kwa sababu kabla yangu hakikuwepo, nikaona hili pengo la kiutendaji haliwezi kuvumiliwa, nikakianzisha, nikajiombea, nikajifanyia usaili, na niwaambie ukweli, maswali yalikuwa magumu. (Vigelegele vya mtu mmoja.)

Ndugu zangu, gari letu la wagonjwa ni hili hapa kando ya jukwaa. Likitembea, simba. Likisimama, godoro. Mzee Gia akilizima na kuliegesha, asubuhi yake anazungusha ufunguo, linasema “tk,” basi, limemaliza mazungumzo. Mnakumbuka mpiga rangi aliyeanguka kutoka kwenye ngazi? Alilisukuma mwenyewe gari alilopaswa kulazwa ndani yake, na kwa zile jitihada kiuno kikajirudi mahali pake kabla hawajafika hospitali kuu, jambo ambalo kitengo changu cha takwimu, yaani mimi na kikokotoo, tumeliingiza kwenye mafanikio ya sekta ya afya kwa asilimia mia na nne. (Makofi.)

(Mama Mkunga anasimama: “Mheshimiwa, samahani, fupisha kidogo. Shemeji yako ameanza kushika kiuno. Na hilo gari limezimwa tangu jana.”)

Mama Mkunga, hoja yako nimeipokea, imeingia kwenye mchakato. Keti, mama. Shemeji, pole sana, vumilia, nakaribia kwenye utangulizi.

Mimi nimetembea, jamani. Nimeona nchi za watu ambako gari linajiegesha lenyewe, na likikugusa linakuomba radhi. Nimelala hoteli ambazo mlango unakuuliza unataka nini. Lakini huko kote, nawaapia, sikuona gari la wagonjwa lenye hadhi kama hili letu, maana ni mimi niliyeagiza picha yangu ibandikwe hapa ubavuni, mnaiona, nikiwa natabasamu kwa ajili ya wagonjwa, na juu ya picha nikafunga taa yenye nguvu, ya kumulika kama uwanja wa mpira, iliyounganishwa moja kwa moja na betri, bila swichi, kusudi asitokee mtu mwenye kijicho akaizima. Usiku na mchana inawaka. Gari limezimwa, dereva yuko kwao anakoroma, mimi niko macho! (Makofi machache. Kinyozi, kutoka nyuma: “Si ndiyo hiyo taa!”) Ndiyo hiyo taa, kinyozi wangu, ahsante, wewe una jicho la vitu vizuri.

Sasa, tulipoona betri inazidi kulala, sikukurupuka. Nikaunda Tume. Nikawashirikisha mastekiholda wote, tukafanya wokshopu, tukafanya fizibiliti stadi, na hadidu za rejea zilikuwa moja tu: nani anakunywa umeme wetu? Wajumbe walijifungia na gari kwenye banda lake, ambalo, kama mjuavyo, halina dirisha hata moja, giza totoro, lakini hawakupata shida yoyote, kwa sababu walikaa mbele ya picha yangu na kufanya kazi yote kwa mwanga wa taa yangu. Wakakesha humo wakimvizia mwizi. Mwizi hakutokea. Asubuhi betri imekauka kama gunzi! (Kinyozi: “Kwa hiyo taa, Mheshimiwa! Taa ndiyo inakunywa!” Kicheko kikubwa.) Bila ile taa wasingeona hata vidole vyao, kinyozi, nakubaliana nawe kwa mara ya pili, na ukiendelea hivi nitakuteua.

Ripoti ya Tume inasema, kitaalamu kabisa, kwamba betri ina volti na ina ampia, na hawa ni mtu na binamu yake, na gari likisimama muda mrefu wanakosa la kufanya, wanaanza kugombana, mmoja anaondoka. Hii ni sayansi. Ndiyo maana leo nazindua rasmi mradi huu mkubwa, wenye mastaplani, wenye vijana mia tatu watakaosomea ushauri nasaha kwa betri, wenye wataalamu watatu kutoka ng’ambo ambao mmoja wao ana ndevu, wenye sastenabiliti, wenye impakti, wenye…

(Kelele upande wa mbele. Mke wa fundi cherehani ameinama, ameshika kiti. Mama Mkunga: “Chupa imepasuka! Na huyu mtoto amekaa vibaya, lazima hospitali kuu, sasa hivi! Mzee Gia, washa!” Mzee Gia anazungusha ufunguo. Gari: “Tk.”)

Ndugu wananchi, mmelisikia wenyewe. Huo ndio ushahidi wa kitaalamu.

(Fundi cherehani: “Mheshimiwa, mke wangu!”)

Shemeji yangu! Jamani, mbona mnanitazama? Mwingizeni ndani, taratibu, mama mkwe panda naye, mshike mkono, wewe kinyozi shika miguu, kiti hicho ondoeni! Nyie chini ya turubai, nyanyukeni, leo hakuna mheshimiwa! Mzee Gia, weka gia ya pili, kanyaga klachi! Nishikieni koti. Hapana, kipaza sauti siachii, waya wake mrefu. Haya, wote nyuma ya gari! Moja… mbili… kama nilivyokuwa nasema, mradi huu… sukuma!… una nguzo kuu… sukuma jamani!… una nguzo kuu nne… nani ananikanyaga?… ya kwanza ni ushirikishwaji wa… (Mama Mkunga amechomoza kiwiliwili dirishani, ameshika waya wa taa kwa mikono miwili na kuung’oa.) Mama Mkunga, hiyo ni mali ya… haya, ing’oe! Ng’oa tu! Sura yangu hata gizani inajulikana! Shemeji, usiogope, mimi niko huku nyuma! Sukuma! Mzee Gia, achia klachi!

(Gari linakohoa, linaruka, linakohoa tena, linanguruma. Moshi mweusi. Fundi cherehani anadandia mlango wa nyuma, anavutwa ndani. Gari linashika barabara ya hospitali kuu. Vifijo, vigelegele, watu wanakumbatiana. Mratibu amebaki katikati ya njia na kipaza sauti, suti imechanika begani.)

Limewaka! Limekwenda! Mwenyezi Mungu, mpe njia! Oneni, jamani, nalia hadharani na sioni haya.

Mradi! (“Hoi!”) Betri ikilala! (“Sisi macho!”) Gari likigoma! (“Mabega hayagomi!”) Mratibu! (Mtoto mmoja tu: “Suti!”)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru nyote kwa kuja, na kwa kuwa mama mkwe ameondoka na gari, sasa naweza kusema kwa uwazi na uwajibikaji kwamba mradi niliowaitia haukuwepo. Mastaplani haikuwepo, vijana mia tatu hawakuwepo, na yule mtaalamu mwenye ndevu nilimwona kwenye kalenda. Asubuhi niliamka na turubai, spika na moyo mweupe, nikasema nitajua nikifika. Lakini nyinyi, ndugu zangu, mmenitoa kimasomaso: betri imelala fofofo na gari limeondoka! Nilipanda jukwaani sina mradi. Sasa ninao, na mradi wenyewe ni nyinyi. Na kwa kuwa kuanzia leo betri si tatizo tena, ile taa ya picha yangu naagiza irudishwe, na iongezwe ya pili upande wa kushoto.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Naomba tu msiende mbali: gari likirudi, litazimwa.