Malalamiko Kuhusu Prosesa Iliyonadiwa Kati ya Jogoo na Mkungu wa Ndizi

Nguvumali, Tanga
Jumatano baada ya Sikukuu ya Mavuno

Kwa Mzee Hosea,
Mwenyekiti wa Kamati ya Mavuno na Mwendesha Mnada wa usharika wetu.

Mzee wangu, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na sauti imesharudi, maana Jumapili uliitumia bila kuihurumia. Mimi ni Asheri, mjukuu wa Bibi Ruthi, yule wa besi safu ya nyuma, ambaye ulimwambia mbele ya usharika mzima akae chini awaachie wenye uwezo. Nimekaa chini, Mzee, kama ulivyoagiza. Na kwa kuwa nimekaa, nimeandika.

YAH: KUTENGULIWA KWA MNADA WA UBONGO WA KOMPYUTA YANGU

Kabla ya malalamiko, ni haki ujue ni kitu gani ulichokiinua kwa vidole viwili ukakiita "kigae cha dhahabu kutoka Dar es Salaam". Ile ni prosesa. Ndiyo inayofikiri ndani ya kompyuta. Hukaa juu ya mazabodi, yaani ule ubao mpana ambao vitu vyote vya kompyuta huunganishwa hapo, na kila mazabodi ina kiti cha prosesa za aina yake tu. Ya aina nyingine haiingii hata uisukume kwa maombi. Kwa hiyo kuchagua viwili hivi si sawa na kuchagua nyanya sokoni. Mimi nilianza kuchagua tangu masika. Nilisoma, nikalinganisha, nikagombana mtandaoni na watu nisiowajua, nikaacha kula chipsi. Mbarouk, Mpemba mwenye kibanda cha kuchezea gemu pale Chumbageni, alinishauri nianze na mazabodi. "Ewe Asheri, mtu hujenga nyumba ndiyo akaoa," alinambia. Nikajisemea kwamba Mbarouk anajua karafuu kuliko kompyuta, nikaanza na prosesa.

Sababu ya kuitaka kompyuta hii naieleza wazi. Ni Imakulata. Huyu ni binti wa Kikatoliki, anauza kwenye duka la dawa za mifugo, na tangu mwaka jana ananifunga mpira wa kwenye kompyuta kila tunapokutana kwa Mbarouk. Nimewaeleza watu wote, na yeye mwenyewe nimemweleza, kwamba kosa ni la kompyuta za Mbarouk. Ni nzito, na hukwama kila ninapotaka kupiga shuti. (Yeye hazimkwamii. Jambo hilo bado linachunguzwa.) Nilimwahidi kwamba siku nitakapokuwa na mashine yangu mwenyewe, atakoma. Heshima yangu yote, Mzee, ilikuwa ndani ya kiboksi cha ile prosesa.

Sasa malalamiko.

1. Kiboksi kilishuka na basi Jumamosi. Bibi akaniuliza ni nini. Mtu mwenye akili angejibu "spea", mambo yakaisha. Mimi nikajigamba. Nikamwambia, Bibi, hiki ndicho cha kwanza, ndicho mwanzo wa vyote, vingine vyote vitafuata nyuma yake. Nilimwambia Bibi Ruthi maneno hayo siku moja kabla ya Mavuno! Wewe unamjua. Ni mtu wa Lushoto, kalelewa kwamba cha kwanza ni cha Mungu, hakuna mjadala. Yai la kwanza la kila tembe, hindi la kwanza shambani, mshahara wangu wa kwanza wote mzimamzima, nikaenda kazini kwa miguu mwezi mzima. Mwaka juzi tulipochimba choo alileta malimbuko ya ndoo ya udongo wa kwanza, na wewe ukainadi, na mtu akainunua. Kwa hiyo simlaumu Bibi. Nailaumu Kamati, inayopokea kila kinachoingia kwenye kapu bila kuuliza kilikuwa kinakwenda wapi.

Halafu aliitoa kwenye kiboksi chake, kwa hoja kwamba Mungu hapewi sadaka iliyofungwa. Akaiweka kwenye sahani, akaifunika kitambaa cheupe, na Jumapili akaipeleka kanisani. Wanasema Tanga ni waja leo waondoka leo, ila sikujua kwamba hata vifaa vya kompyuta vinafuata utaratibu huo.

2. Uliinadi kati ya jogoo na mkungu wa ndizi. Sina ugomvi na jogoo. Lakini jogoo ulimsifia mpaka kucha. Ulisema anawika kwa wakati, ulisema ukoo wake umetoka Amani, kule milimani kwenye baridi, ulimwinua akapiga mabawa na akina mama wakapiga vigelegele. Prosesa hukutaja kasi yake wala viini vyake vya kufikiria. Ulisema inang'aa. Matokeo yake jogoo alikwenda kwa bei ya juu kuliko kifaa kinachoweza kukokotoa mahesabu ya usharika huu tangu ulipoanzishwa kabla hujamaliza kupiga chafya.

3. Iko desturi yetu njema, ya mtu kununua kitu mnadani halafu akakitoa zawadi ili kinadiwe tena. Naipenda kwa mayai. Lakini Jumapili mama mmoja alinunua prosesa yangu akampa Mchungaji. Mchungaji akashukuru, akaitoa kwa kwaya. Kwaya, yaani sisi, kwa kinywa cha mwalimu wetu ambaye hakutazama besi zinasema nini, ikaitoa kwa ajili ya paa la kanisa. Kila ilipopita ilishikwa upande uleule ambao kitabu cha maelekezo kinakataza kuushika. Kuna aliyeipuliza. Kuna mzee mmoja, simtaji kwa kuwa ananizidi umri, aliing'ata kuona kama ni dhahabu kweli.

Hapo ndipo niliponyanyua mkono kupinga. Wewe ukaupokea kama dau. Nikanyanyua mkono wa pili kufafanua ule wa kwanza, kumbe nimejipiku mwenyewe. Ndipo ukauliza kama nina uwezo huo, watu wakanigeukia, na uwezo wangu wote wakati huo ulikuwa juu ya sahani mbele yako. Ukaniambia nikae chini.

4. Aliyeinunua mara ya mwisho ni Imakulata. Alikuja na kwaya ya parokia yao kama wageni wetu, kavaa kitenge cha kwaya, katulia kama mtu asiyejua kufunga magoli. Kanisa zima lilidhani ananunua kigae. Ukiniondoa mimi, yeye peke yake ndiye aliyejua ni nini. Aliinua mkono, akanitazama, akatabasamu, nami nikasahau kabisa nilikuwa napinga nini. Wala hakuitoa zawadi kama ilivyo desturi. Aliifunga kwenye leso akaitia kwenye pochi.

Fikiri hilo, Mzee. Silaha niliyoinunua ili nimshinde, kanisa langu limemuuzia yeye, na kwaya yangu imepiga makofi. Nadhani umefika wakati wa askofu wetu kuandikiana na askofu wao.

5. Jumatatu mazabodi ikafika. Ni ya aina ileile niliyoichagua tangu masika, haikubali prosesa nyingine. Iko mezani, kiti chake kitupu. Bibi ameitandikia kitambaa cha kufuma na kuweka chupa ya chai juu yake. Sasa tufuate hoja hadi mwisho. Malimbuko hutolewa ili kinachofuata kibarikiwe. Kilichofuata ni mazabodi. Mazabodi haifanyi kazi. Basi baraka haijafika. Na kama baraka haijafika, Kamati inashikilia malimbuko ambayo risiti yake mbinguni haijatoka. Nimemuuliza Bibi, akasema baraka ipo njiani. Mimi nataka kujua imepanda basi gani, maana prosesa yenyewe ilitoka Dar ikafika siku hiyohiyo.

6. Nacheka ninapoandika, Mzee, lakini inaniuma kweli. Tangu Jumapili sijakanyaga kwa Mbarouk. Naona haya. Nilijitangaza mno, na aliyejitangaza hana pa kujificha katika mji ambao kila mtu anaimba kwaya.

Kwa unyenyekevu, basi, naomba haya:

(a) Mnada utenguliwe, jogoo na ndizi wabaki walivyo.

(b) Kamati iamue kwamba vifaa vya kompyuta havilipiwi malimbuko mpaka viwe vimefungwa pamoja na kuwaka. Hilo likishindikana, itangazwe kwamba cha kwanza katika kompyuta ni skrubu. Laiti ningeanza na skrubu, leo ningekuwa bingwa.

(c) Itangazwe baada ya matangazo ya ndoa kwamba mabao yote niliyofungwa na Imakulata hadi sasa ni batili, kwa kuwa yalifungwa kabla ya prosesa.

(d) Imakulata aitwe mbele ya Baraza la Wazee ajieleze. Najua ni Mkatoliki, lakini aitwe. Nami niwepo, na kiti changu kiwekwe karibu na chake, ili nisikie vizuri. Kikao kikiwa kirefu sitalalamika.

(e) Iwapo yote haya yatashindikana, sikukuu ya Mavuno ihamishiwe mwaka wa mbele, na hii iliyopita ihesabiwe kuwa ilikuwa mazoezi.

Naamini utalipima suala hili kwa hekima ileile uliyotumia kuuza ndoo ya udongo. Nisalimie Mama Mchungaji, wasalimie wazee wote wa kanisa pamoja na yule mwenye meno imara, msalimie mwalimu wa kwaya japo moyo wangu haujamwachilia, wasalimie na waliokula jogoo. Bibi anakusalimu sana na anauliza mnada mwingine ni lini.

Ni mimi mwana-usharika wako, niliyevuna kiti kitupu,

Asheri

Nyongeza, Alhamisi mchana. Mzee, kabla hujasoma hapo juu, soma hapa. Jana jioni, barua ikiwa tayari kwenye bahasha, Imakulata alibisha hodi. Kumbe aliinunua kwa sababu alimwona yule mzee akiing'ata, akaogopa wa pili asije akaitafuna kabisa. Alikuwa anaiokoa. Ameirudisha bila sharti lolote. Aliondoa chupa ya chai, akaondoa kitambaa, akaiketisha prosesa kwenye mazabodi kwa mkono wake, vifaa vingine tukaazima kwa Mbarouk, mashine ikawaka. Tukacheza. Haikukwama hata mara moja. Kila nilichotaka kufanya kilifanyika papo hapo, na ndipo nilipogundua kwamba tangu zamani nilichokuwa nataka kufanya ni upuuzi. Amenifunga vibaya kuliko siku zote, na Bibi alikuwa anashangilia upande wake.

Kwa hiyo natengua ombi langu la kutengua. Tafadhali ichukueni prosesa muinadi tena, na mazabodi nitaitia kapuni mimi mwenyewe, ili nikiulizwa niseme tena kwamba sina mashine. Tuma mtu leo leo, kabla ya saa kumi, maana Imakulata amesema saa kumi anarudi. Ila huyo mtu akikuta ameshafika, apite tu kama hakutumwa.