Mwanya Uliopigwa Marufuku

Jiji la Valparaíso lilitangaza kwa fahari kuu kwamba, kuanzia Jumatatu, uvivu wa vyuma umekomeshwa.

Tangazo lilitoka baada ya mkurugenzi, don Evaristo Bascuñán, kumtembelea mchora mitambo wa jiji, Yasna Oyarzún. Yasna alikuwa akichonga gurudumu la meno ndani ya kompyuta: kisu cha kuigiza kilikula chuma cha kuigiza, jino baada ya jino, ili kosa lionekane kabla chuma chenyewe hakijaguswa. Gurudumu lilikuwa la lifti ya kilimani. Lifti ilikuwa imekufa miezi saba, na kwa miezi hiyo yote mama yake Yasna, mwenye magoti mabovu, hakukanyaga mjini.

Don Evaristo aliinama mpaka pua ikagusa kioo.

"Binti, kati ya meno haya naona mwanga."

"Ni mwanya, mheshimiwa. Mdogo kama unywele. Chuma kikipata moto kinavimba, na mafuta nayo yanataka pa kupita."

"Kwa hiyo jino hili limekaa tu?"

"Linasubiri zamu yake."

"Kwa mshahara wa nani?"

Kamati ya Mianya ikaundwa siku hiyohiyo. Ikakaa vikao vinne, ikala maandazi ya boga, ikaazimia: mwanya sifuri, jijini kote. Yasna akauondoa, akachonga upya. Meno yakaumana, kioo chote kikawa chekundu kwa onyo.

"Nyekundu inavunja moyo," kamati ikasema. "Weka kijani."

Yasna alibisha mara mbili. Mara ya tatu akaonyeshwa mlango kwa kidole, akaweka kijani. Akaomba kimoja tu, breki mpya. Kwa kuwa breki hazina meno, kamati haikuwa na pingamizi.

Siku ya uzinduzi wajumbe wote tisa walipanda pamoja na don Evaristo. Tarumbeta zikalia. Lifti ikapaa, ikapata moto, ikakoroma, ikaganda, breki mpya zikaishikilia katikati ya mlima, mkabala na dirisha la mama Yasna.

"Karibuni chai, jamani," mama akasema.

"Mama, tutakaa hapa mpaka lini?" mjumbe mmoja akauliza.

"Mimi nimekaa miezi saba. Mtazoea."

Don Evaristo akachungulia chini. "Yasna! Rudisha mwanya!"

"Nahitaji azimio la kamati, mheshimiwa."

"Kamati yote imo humu!"

"Basi akidi imetimia. Andikeni."

Wakaandika, wakapiga kura, wakateremsha karatasi kwa kamba ya kuanikia nguo aliyowarushia mama. Yasna akaisoma mara mbili.

"Mama!" akaita. "Ijumaa unashuka mjini!"

"Na sisi?" don Evaristo akafoka.

"Wazima moto wameshafika na ngazi, mheshimiwa. Ila wanasema kati ya kipandio na kipandio kuna mwanya, na azimio lenu jipya limeruhusu ule wa gurudumu tu."

Juu ikasikika sauti ya mwenyekiti akifungua kikao cha sita.