Gari Linaloogopa Vivuli

Jumatatu, 3 Machi

Nimekabidhiwa funguo za gari jipya la Mkurugenzi. Dereva wake wa zamani kastaafu. Wiki iliyopita alijaribiwa nalo mwenzangu tunayemwita Kimya, mtu anayefungua mdomo wakati wa kula tu. Wiki hii zamu yangu. Ijumaa Mkurugenzi atachagua.

Gari lina jicho kwenye kioo cha mbele. Likiona hatari, linafunga breki lenyewe. Usalama mtupu, alisema afisa usafirishaji.

Saa mbili kasoro, chini ya daraja la waenda kwa miguu, likafunga breki. Barabara nyeupe. Mbele hakuna kitu ila kivuli cha daraja. Nyuma lori lilipiga honi ndefu, pua yake ikajaa kioo changu chote. Faili za Mkurugenzi zikamwagika. Akauliza kulikoni. Nikasema paka. Akasema yeye hakumwona. Nikasema alikuwa mdogo.

Jumanne, 4 Machi

Daraja lile lile. Paka wa pili. Mkurugenzi akauliza kwa upole macho yangu yalipimwa lini.

Mama watoto anasema niandike kwenye kitabu cha hitilafu, ndiyo kazi yake. Hajui siasa za ofisi. Nikiandika, gari litapelekwa gereji, wiki yangu itakatika katikati, na kile kiti atakikalia Kimya mpaka azeekee hapo. Nimemwambia nitaandika. Sikusema lini.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata njia ya kukwepa daraja, kupitia nyuma ya soko. Nilijipongeza kwa muda wa dakika nne. Kisha tukafika palipofukuliwa mtaro, umefunikwa kwa bamba la chuma. Gari likaliona bamba, likasimama kama limeona simba.

Safari hii aliyekuwa nyuma hakuwahi kusimama. Mwendesha pikipiki, kabeba kreti ya mikate. Nilisikia kishindo. Nilishuka. Alikuwa amekaa chini, goti linavuja damu, mikate imetapakaa. Akaniuliza, bila hasira, "Kaka, umesimamia nini?"

Huyu sikuweza kumwambia paka.

Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyemfunga goti kwa kitambaa chake, tukampeleka zahanati. Kila nikifumba macho naona lile lori la Jumatatu badala ya pikipiki.

Alhamisi, 6 Machi

Nilitafuta swichi ya kuzima jicho. Ipo. Ila ukizima gari na kuliwasha tena, jicho nalo linafumbuka. Nikamwendea shemeji, fundi wa friji, mtu wa akili nyingi. Akasema dawa ya jicho ni kulifumba. Akanipa utepe mweusi. Nikabandika.

Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Nikaibandika na yenyewe.

Tumepita chini ya daraja kama maji. Tumepita juu ya bamba. Mkurugenzi kasinzia kiti cha nyuma, mara ya kwanza wiki hii. Nimemwona Kimya akiangalia kioo changu muda mrefu kuliko kawaida. Wivu.

Ijumaa, 7 Machi



Tulikuwa tunaingia getini. Mama mlinzi alikuwa ameinama kuokota kizuizi, mgongo kwetu. Nilimwona. Naapa nilimwona. Lakini kwa siku tatu gari hili lilikuwa linakanyaga breki kabla yangu, na mguu wangu, mjinga kama mwenyewe, ulikuwa unangoja gari lianze. Gari halikuanza. Nilikuwa nimelifumba jicho mimi mwenyewe.

Nilipokanyaga, nilikuwa nimechelewa. Kimya alitokea sijui wapi, akamvuta mama mlinzi kwa mkanda wa koti, wote wawili wakaanguka kwenye maua. Bampa ikavunja kizuizi pale pale alipokuwa ameinama.

Mkurugenzi alishuka, akazunguka mbele, akabandua utepe. Akaniuliza ni nini. Nikaanza kueleza habari za jua kali. Kimya, maua yakiwa bado kwenye nywele, akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia: "Nililiandika gari hili kitabuni wiki iliyopita. Gereji wamejibu. Walitaka liletwe Jumanne."

Kitabu kililetwa. Hati ya Kimya ni nzuri, kwa kweli. Chini yake jibu la gereji, na mhuri. Ningekifungua kuandika, ningeliona.

Jumamosi, 8 Machi

Kiti kapewa Kimya. Fundi wa gereji alisema jicho lilifungwa upande kidogo, kivuli linakiona ukuta. Kazi ya saa moja.

Nilikwenda kumwomba radhi mama mlinzi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nina watoto watatu, mwanangu. Hao ungewaambia nini?" Akanimiminia chai. Ilikuwa afadhali anichape. Nililia kidogo nyuma ya stoo, na siandiki zaidi hapo.

Jumapili, 9 Machi

Nimehamishiwa gari la mizigo, la zamani, halina jicho wala sikio. Nimekwenda kuliangalia leo kwa utulivu. Moyo umetulia. Nimeapa mbele ya mama watoto kwamba kuanzia sasa, usalama kwanza, sitaficha kitu.

Kuna jambo dogo tu. Breki ya mkono haishiki. Kwenye mteremko wa stoo linateleza lenyewe, polepole, kwa adabu. Si la kumsumbua afisa usafirishaji wiki ya kwanza. Nimetafuta gogo la kuzuia gurudumu, linakaa sawasawa.

Shemeji kanisaidia kulipaka gogo rangi nyeusi, ili watu wadhani ni sehemu ya tairi.