Jaribio la Nne Lilikuwa Zuri

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Naandika haya nyuma ya faili la vizima moto, ambalo hakuna anayelifungua. Shangazi ameanza kurekodi. Miaka thelathini anawaimbia wageni wa hoteli nyimbo za zamani za jazi, na hana santuri hata moja. Jumatatu ijayo anafanyiwa upasuaji wa koo. Daktari amemwambia asitegemee kuamka na sauti ile ile. Kwa hiyo amekodi studio siku nne.

Mimi ndiye karani wa studio. Naandika kila jaribio kwenye fomu, naweka alama ya vema au X. Jioni fundi mitambo hufuta yenye X, maana kompyuta imejaa. Kazi nyeti. Mistari napiga kwa rula.

Wanarekodi wote chumba kimoja: piano, besi, ngoma, shangazi katikati. Mmoja akiharibu, wote wanarudi mwanzo. Jaribio la pili liliharibiwa na kiti changu, kililia. Mpiga piano akauliza kama karani naye yumo kwenye bendi. Wakacheka. Shangazi pia. Hilo la shangazi limeniuma.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Sasa mpiga piano ananiita Bwana Kiti. Amemwambia fundi kwamba nikitikisa mguu nafuata mdundo kama mtu anayekimbilia basi lililokwisha ondoka. Mimi niliyesoma nota shuleni! Sikumjibu. Ana mikono mikubwa.

Nimemjibu kwa fomu. Wimbo wa polepole, jaribio la nne, alipiga vizuri, lazima nikiri. Alipomaliza alijigonga kifua akasema hapo sasa. Shangazi alikuwa amefumba macho, kisha akanywa maji tu. Nikaweka X. Sababu: kelele. Arudie mpaka vidole viote sugu. Fundi hasikilizi upya, anaamini fomu. Ndiyo maana ya fomu.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Asubuhi shangazi ameomba kusikia jaribio la nne. Amesema pale koo lilimwachia lenyewe, hata yeye alishtuka. Wakipata hilo moja, mengine yote yapotee tu.

Fundi akasoma fomu; alikuwa amelifuta jana jioni. Akaniangalia. Nikasema kulikuwa na kelele. Akauliza kelele gani. Nikasema benchi la piano.

Nilidhani mpiga piano atabisha. Hakubisha. Alimwambia shangazi, nisamehe dada, huenda ni mimi, mwili huu haukai. Akavua viatu, akakunja koti lake akaliweka chini ya benchi. Wamerudia mpaka jaribio la kumi na moja. Sauti ya shangazi ilianza kukwaruza kwenye la saba. Nilitarajia kufurahi. Badala yake nilipiga upya mistari ya fomu ya kesho.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Nilikusudia kukiri. Niliandika rasimu tatu za barua, ya tatu ikiwa na vichwa vidogo. Shangazi akaniwahi. Akanishika shavu, akanishukuru kwa masikio makali, akasema mwingine angeiacha ile kelele ipite, lakini mwanangu una bidii. Mtu akiri vipi baada ya hapo? Ingekuwa utovu wa adabu. Nikazichana.

Limechukuliwa jaribio la kumi na moja. Mwishoni anakohoa. Fundi amekikata kikohozi.

Jumatano, tarehe 12 Machi
Hospitali. Shangazi hawezi kusema, anaandika kwenye daftari. Tulimvalisha hedfoni. Alisikiliza wimbo wa polepole mpaka mwisho, akaandika: Siyo huu. Kisha akamgeuzia mpiga piano daftari: Lile la nne ulipiga vizuri mno.

Mpiga piano akatoka, akasimama kwenye ujia, uso ukutani. Nilimfuata, kwa heshima. Akaniambia hatajisamehe lile benchi mpaka anaingia kaburini. Tulikuwa wawili tu. Maneno yalikuwa mdomoni, yote, yamepangwa. Nikamwambia kila mtu hukosea.

Akafuta macho, akanipiga bega, akasema asante, Bwana Kiti. Mbele ya nesi aliyetokea hapo hapo. Nesi akacheka.

Kumbe nilikuwa naelekea kumhurumia. Hafai.

Kesho nachapa maandishi ya jalada la santuri. Wapigaji ni watatu. Nimeitazama karatasi kwa makini, na naona nafasi inatosha majina mawili tu.