Kunyoa kwa Kiingereza

Jumatatu, 3 Juni

Mteja mmoja tangu asubuhi. Akatazama picha za mitindo ukutani kwangu, akauliza kama wale watu bado wako hai. Kisha akavuka barabara kwenda kwa Msafi.

Huyo Msafi! Kinyozi wa juzi tu. Taa za rangi zote, vioo mpaka darini, shingo za watu anazipulizia marashi. Foleni yake sasa imefika mlangoni kwangu, inanizibia hewa.

Jioni mke wangu akaniletea habari: mdogo wake wa kiume anaoa Jumamosi, na atanyolewa kwa Msafi. Shemeji yangu wa damu! Mke wangu akasema hakuna shemeji wa damu. Nikamwambia asibadilishe mada. Mimi mkwe wa nyumba ile, kinyozi wa miaka yote hii, kichwa cha bwana harusi kinipite? Ukoo mzima utanicheka. Kichwa kile ni changu.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata dawa! Pale kona, mama wa mitumba ametundika shati lenye kola kubwa kama masikio ya tembo. Ameliandikia "Vintage". Vijana watatu wanalivutania. Shati kama lile mimi nafutia kioo!

Nikamuuliza maana yake. Akasema ni la zamani, ila kwa Kiingereza halichakai.

Mbio nyumbani, nikachukua kamusi ya binti yangu. Lo! Sisi tukishasema "cha zamani" tumemaliza. Wenzetu wana neno kwa kila kiwango cha uzee! Nimebandika duka zima. Kiti: "Antique". Mashine ya kunyolea: "Classic". Taulo: "Retro". Poda niliiandikia "Ancient", nikaibandua baada ya mzee mmoja kutaka kujua nimeifukua kaburi gani.

Jumatano, 5 Juni

Wanafunzi wakaja kupiga picha wamekalia kiti changu. Hakuna aliyenyoa, lakini picha zimesambaa, na shemeji kaziona kwenye simu. Alasiri akaja mwenyewe, kofia mpaka kwenye nyusi, anaangalia nyuma kama mwizi. Nikamweleza kwamba Msafi atampa kichwa cha kila mtu, mimi nitampa kichwa cha kihistoria. Akauliza kama ni vintage kweli. Nikasema ni zaidi ya vintage. Amekubali! Jumamosi asubuhi, ila dada yake na mama yake wasijue.

Msafi naye kabandika bango: "Modern". Anachokoza nyuki huyu. Nikatafuta neno zito kuliko yote, lenye sauti ya kanisani, nikalipaka rangi nyekundu juu ya mlango: "OBSOLETE".

Alhamisi, 6 Juni

Mama mkwe. Mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Nilimkuta barabarani, mikono kiunoni, anausoma mlango wangu. Nikampa shikamoo mara mbili. Ya tatu ndiyo akaiitikia, kwa sauti ya kusahihisha madaftari.

Akanifundisha papo hapo, foleni yote ya Msafi ikisikiliza. Vintage ni kitu cha zamani ambacho watu wanakitamani. Antique ni cha zamani zaidi, na watu wanakilinda. Obsolete ni kitu kilichopitwa na wakati mpaka hakuna anayekihitaji. Akaniuliza mimi niko wapi hapo. Nikajibu kwa heshima kwamba niko dukani.

Akasema nikigusa kichwa cha mwanawe nitajua alikuwa mwalimu wa aina gani. Kumbe shemeji alikwenda kuvunja miadi kwa Msafi, akaropoka kila kitu, na mtaa mzima unajua.

Jioni Msafi mwenyewe akaja na mashine mpya mkononi, eti aniazime kwa ajili ya harusi, maana yangu inanguruma mpaka kwake. Ili baadaye atangaze kwamba kanisaidia! Nikamwambia classic haiazimi kitu kwa modern. Akaondoka akitikisa kichwa. Kaumia.

Jumamosi, 8 Juni

Sitaki kuandika. Basi, naandika.

Shemeji alikuja alfajiri, akimkwepa mama yake. Upande wa kushoto ulitoka vizuri sana. Juu bapa kama meza, pembeni mstari wa wembe, sawasawa na picha yangu ukutani. Nikageukia wa kulia. Mashine ikakohoa, ikang'ata nywele, ikafa. Nikaipiga kofi. Ikatoa moshi. Shemeji akapiga yowe, akavuka barabara na kitambaa changu shingoni, mashine inaning'inia kichwani.

Msafi alitafuta cha kuokoa, hakukiona. Akamnyoa kipara. Harusini bibi harusi akampita bwana harusi mlangoni bila kumjua, akashika mkono wa msimamizi wake.

Ukumbini mama mkwe akachukua kipaza sauti. Akawashukuru majirani, wapishi, na Msafi. Kisha akaninyooshea kidole na kunitambulisha kwa Kiingereza: "my former son-in-law". Neno hilo sikuwa nalo dukani, lakini ukumbi mzima ulicheka, kwa hiyo nikalielewa. Mkwe wa zamani. Mke wangu naye alicheka. Hapo ndipo iliponiuma. Nilikula nimesimama, karibu na jenereta.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu kafunga begi, yuko kwa mama yake. Kasema harudi mpaka mama anisamehe, na nisithubutu kwenda mikono mitupu. Nyumba iko kimya, sina hata wa kugombana naye. Nampenda yule mwanamke. Leo lazima nisamehewe.

Nimekaa, nimefikiri kwa kina, nimeliona kosa langu. Nilikuwa nasifu viti na mataulo badala ya kumsifu mtu! Mwalimu wa Kiingereza anataka heshima yake kwa Kiingereza. Nimenunua kadi ya maua, nikarudi kwenye kamusi kumtafutia neno lake peke yake. "Historic" ni mtu mkubwa, wa kukumbukwa katika historia. Lakini mama ni zaidi ya hapo. Nikapekua, nikapekua, nikalipata lile linaloitangulia historia yenyewe.

"To my prehistoric mother-in-law." Wino wa dhahabu, herufi kubwa, aisome hata bila miwani.

Nimevaa tai, naondoka sasa hivi. Begi la mke wangu nitalibeba mwenyewe wakati wa kurudi.